Komanda na Siku Zake Mbaya

Komanda alikuwa rubani aliyeogopa ngazi. Taa ya barazani kwake mtaani Kinanira ilipoungua, aliita jirani aje kuibadilisha, na yeye mwenyewe akasimama chini akitoa maelekezo kwa sauti ya mtu anayeongoza ndege kubwa kutua kwenye ukungu. Pikipiki za kukodi hakupanda kabisa. "Mi siwezi panda kitu ambayo dereva wake hajalala," alisema, kisha akashuka mlima kwa miguu, mwavuli mkononi, viatu vikimeta, huku vijana wa pikipiki wakimpigia honi kwa huruma. Halafu mtu huyohuyo alifika uwanja wa ndege, akaingia katika kindege chenye injini moja kilichowazidi umri wanafunzi wake wengi, akakaa pembeni ya mtu asiyejua kitu, na kumkabidhi usukani.

Sisi wanafunzi tulimwita Komanda ingawa hakuwahi kuwa mwanajeshi. Alikotoka kabla ya kuanza kutufundisha hakuna aliyekujua vizuri. Ukimuuliza, alikujibu jambo jingine, kwa hiyo nami namwacha palepale alipotaka kukaa.

Mimi nilikuwa napokea simu na kupima mizigo katika kampuni ndogo ya ndege za kukodi. Mwenye kampuni alipoamua kwamba mfanyakazi wake mmoja asomee urubani, alinichagua mimi kwa sababu ndiye niliyeuliza maswali mengi. Nadhani alitaka kupumzika. Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja pembezoni mwa uwanja, chenye ubao, feni isiyozunguka, na dirisha lililotazama ndege yetu moja. Mbele kulikuwa na ziwa. Ng'ambo ya ziwa ilikuwa milima ya Uvira, alikozaliwa mama yangu, na nilipopaa mara ya kwanza niliiona yote kwa pamoja nikasahau kila kitu nilichofundishwa.

"Uko naangalia nini?" Komanda aliniuliza.

"Milima."

"Milima haiendi mahali. Angalia mbio ya ndege."

Alikuwa na imani moja kuhusu kujifunza kuruka, nayo ni kwamba ni kazi ya siku mbaya. Siku nzuri ni mapumziko tu. Mwanafunzi aliyetua vizuri hakuambiwa kitu. Aliyetua vibaya alipelekwa kula. Kando ya barabara ya uwanja kulikuwa na kibanda cha brosheti, yaani mishikaki, na ndizi za kuchoma, na hapo ndipo tulipofundishwa zaidi kuliko darasani. "Kula kwanza," alisema. "Tutagombana nyuma." Mkiwa mnakula hakugusia ndege hata kidogo. Alizungumzia mbuzi wa jirani yake, au mikeke, wale samaki wa ziwani, walivyokonda siku hizi, au sauti ya mwadhini mpya ambayo haikumridhisha. Sahani ikiisha, alitafuta kijiti cha meno, akakutazama.

"Bon. Sasa niambie. Ni we ulitua, ao ndege ilitua yenyewe?"

Ulikuwa mtego. Ukisema ni upepo, au ni jua la machoni, au ni ndege nyingine iliyotupita, aliagiza brosheti nyingine na kurudia swali. Ukisema ni mimi, nilichelewa kuinua pua, alisimama, akanawa mikono, na somo likaisha. Mwanafunzi mwenzangu Fideli alinenepa sana mwaka ule.

Fideli alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini. Alitaka kujua kuruka kwa sababu, alivyotuambia, amechoka kupanga foleni ya petroli na watu ambao hawajui yeye ni nani. Kabla ya somo la kwanza alikuwa ameshanunua miwani ya kirubani na shati jeupe lenye mistari ya dhahabu mabegani, mingi kuliko ya Komanda. Komanda aliitazama ile mistari, akanyoosha mkono kumpa Fideli salamu ya kijeshi, akampa na ndoo akaoshe magurudumu.

Mtihani wa kuandika ulipofika, Fideli alikuwa tayari amealika watu. Alikodi ukumbi wa bustani huko Mutanga Sud, viti vimevishwa vitambaa, keki ina umbo la ndege. Matokeo yakaja amefeli. Vinywaji vilikuwa vimeshaletwa, shangazi zake walikuwa njiani kutoka Gitega, na hakuwa na ujasiri wa kuwarudisha, basi sherehe ikafanyika hivyohivyo. Watu walikula keki kuanzia mkiani, kimyakimya, kama wako matangani. Ndipo Komanda aliposimama, akaomba kipaza sauti.

"Nimekuja kumupongeza Fideli," alisema. "Nafundisha kuruka miaka mingi. Nimeona watu wengi wameanguka mitihani, lakini wote walijificha. Huyu ni wa kwanza kutuitia na muziki."

Shangazi mmoja akaanza kucheka, na Fideli mwenyewe akacheka mpaka miwani ikaanguka. Alirudia mtihani, akafeli, akarudia tena, akapita. Safari hiyo hakualika mtu.

Ungefikiri mtu anayejua kubeba hivyo siku mbaya za wengine anajua kubeba na zake. Hapana. Siku mbaya za Komanda mwenyewe zilikuwa balaa mtaani. Gari lake likizima, alilipiga teke, kisha akaliomba msamaha, kisha akalipiga tena. Akishindwa mchezo wa dama, alikagua ubao kwa chini kama fundi anayetafuta nyufa. Mvua ikinyeshea nguo zake kwenye kamba, hakuongea na mtu mpaka zikauke. Na hakula. Yeye ambaye alitulisha sote kwa nguvu, siku yake ikiharibika alikunywa chai tupu na kutazama ukuta.

Siku yangu mbaya ilikuja wakati nilipokuwa nimeanza kujiona rubani. Nilikuja kutua nikiwa juu mno na haraka mno. Komanda alisema, "Punguza," nikadhani nimepunguza. Gurudumu la mbele liligusa lami kwanza, ndege ikaruka kama mbuzi, ikarudi chini kwa pua, na lile panga la mbele linalozunguka likakwaruza njia kwa sauti ambayo bado naisikia kila meno yangu yakiguswa na kijiko. Kisha kila kitu kikanyamaza. Nilisikia Komanda akifungua mkanda wake, taratibu.

"Uko muzima?"

"Ndiyo."

"Basi twende tukule."

Sikuweza kula. Alikula brosheti zake, akala na zangu, na lile swali lake hakuniuliza. Hilo ndilo lililonitisha. Ndege ilikuwa moja, panga jipya lilitakiwa kuagizwa mbali, na wanafunzi wote wangesubiri kwa sababu yangu. Nilirudi nyumbani Gihosha nikavua fulana ya shule, nikaikunja, nikaiweka chini kabisa ya kabati.

Mama yangu ni mtu wa kusali. Siku nilipomwambia kwamba nasomea urubani aliniuliza kama kazi za chini zimekwisha. Sasa, aliposikia yaliyotokea, alimshukuru Mungu kwa sauti, kisha ndipo akauliza kama nimeumia. Mpangilio huo sijausahau. Wiki zile nilizokaa nyumbani zilikuwa za furaha kwake. Alinipikia sombe, kisamvu cha kwetu, kila nilipoitaka, akaniimbia jikoni, akaanza kunitajia ofisi moja inayotafuta karani.

Jumapili moja baada ya ibada, mbwa wa jirani akabweka, na Komanda akaingia uani kwetu. Alikuwa amepanda mlima wote kwa miguu. Jasho lilikuwa limechora ramani kwenye shati lake lililopigwa pasi. Mama alimpokea vizuri kabisa, akamletea kiti, akamletea chai, maana aliamini mwalimu amekuja kumwambia kwamba mambo yamekwisha. Nami niliamini hivyohivyo. Nilisimama mlangoni nikisikiliza.

"Mama Riziki," Komanda alisema, "nimekuya kumushitaki mutoto wako."

"Amefanya nini tena?"

"Amenivunjia ndege. Na ile ndege ilikuwa nzima kabisa."

Mama aliweka birika chini. "Nzima? Si ile niliona siku niliyomupelekea Riziki chakula, mulango imefungwa na kamba?"

"Ile kamba ni ya muda tu."

"Muda gani? Na pembeni yake alikuwa nani? Si we? Mwalimu anakaa pale kufanya nini, kuangalia ziwa?"

"Mi nilimuambia apunguze."

"Ulimuambia! Mutoto wangu amepima mizigo ya watu pale uwanjani miaka yote, hakuna hata sanduku moja ilianguka. Anakuya kwako, anaanguka. Sasa shida iko wapi?"

Komanda alipuliza chai yake. "Pengine hana kichwa ya ndege. Wengine hawana, mama. Si haya. Abaki nyumbani, atafute kazi za chini."

Sijui ni nani aliyemwambia maneno yale ya Mama, au kama aliyaokota tu njiani. Mama alisimama. Mama yangu ni mfupi, lakini siku ile alimtazama Komanda kutoka juu.

"Riziki hana kichwa? Huyu? Huyu alisoma na mushumaa wakati wale wako walikuwa nalala? Muzee, maliza chai yako uende. Na mutu asikuye kwangu kuniambia mutoto wangu ni wa chini."

Komanda alimaliza chai, akashukuru, akafungua mwavuli wake, akaondoka. Mama alimkimbilia na ndizi zilizofungwa kwenye mfuko, maana mgeni hawezi kutoka kwake mikono mitupu hata akiwa amefukuzwa, kisha akarudi ndani akigongagonga sufuria mpaka jioni.

Kesho yake asubuhi alinivuta shuka. "Amuka. Yule muzee asifikiri tumeogopa."

Nilipofika shuleni Komanda alikuwa anafuta ubao. Hakugeuka. "Umechelewa," alisema.

"Komanda, jana ulikuja kunishitaki kweli?"

"Nilikuya kushitaki," akasema. "Sikupata haki."

Ndege ilikuwa bado haina panga, na hata ingekuwa nalo, mafuta hayakuwapo. Mji mzima ulikuwa unatafuta mafuta. Komanda akaweka viti viwili vya plastiki chini ya bawa, ubavu kwa ubavu, tukawa tunaruka kwa mdomo. Mimi nilikuwa rubani. Yeye alikuwa injini, mnara wa kuongoza ndege, upepo, na mara nyingine ndege wa porini. Nilitakiwa kusema kila ninachofanya, na kunyoosha mkono kugusa kitu ambacho hakipo. Ukiinuka kwenye kiti kabla ya kuzima injini alikasirika kwelikweli. Wanawake waliofyeka nyasi za uwanja walikuwa wanasimama kututazama, wakirekebisha vilemba vyao ili wasikie vizuri.

Tukiwa katikati ya somo hilo, gari jeusi likaja, akashuka bwana mkubwa wa ofisi fulani, kitambi mbele, kijana wa kumbebea mkoba nyuma. Alikuwa amekuja kukagua shule. Komanda hakusimama.

"Mukubwa, utusamehe kidogo," alisema, akitazama mbele. "Tuko juu. Tunashuka sasa hivi."

Bwana mkubwa akatazama viti. Akatazama mbingu. Nadhani maishani mwake hakuwahi kuambiwa asubiri na mtu aliyekaa kwenye plastiki, na mshangao ulimfanya asubiri. Tuliingia mzunguko wa kutua, tukaomba ruhusa ya mnara, Komanda akanipa ruhusa kwa sauti ya puani, tukatua. Injini ikazimwa. Hapo ndipo alipoinuka, akasalimia kwa mikono miwili, akamkaribisha mgeni kwenye kiti changu ajaribu.

Bwana mkubwa alikataa, kisha akakaa. Dakika chache za kwanza alicheka. Baadaye akaacha kucheka akashika usukani wa hewa kwa mikono yote miwili, shingo imesimama. Komanda akamletea upepo wa kando, akamletea mvua upande wa milimani, halafu akakohoa, akanyamaza.

"Nini?" aliuliza bwana mkubwa.

"Mota imezimika."

"Sasa nifanye nini?"

"Ni we piloti, mukubwa."

Bwana mkubwa alivuta usukani kifuani. "Apana, usivute!" nilipiga kelele nikijisahau, lakini alikuwa amekwisha vuta, na Komanda akatangaza, kwa heshima zote, kwamba tumeanguka ziwani. Mgeni wetu alisimama amekasirika. Alitaka kujua ni nani aliyeamua kwamba ameanguka, na kwa mamlaka gani. Alisema jambo hilo litafuatiliwa. Aliondoka bila kukagua kitu, na Komanda akasikitika kwa dhati. "Ule mutu angekula kwanza," alisema, "angekuwa piloti."

Panga lilifika, mafuta yakapatikana, nikarudi hewani. Tuliruka pamoja asubuhi nyingi, nikatua vizuri, nikatua vibaya, nikala. Kisha ikaja asubuhi moja nyeupe, ziwa limelala kama shuka, na Komanda akanisindikiza mpaka kwenye ndege, akafunga mlango wangu kutoka nje.

"Leo mi siingie," alisema. "Kiatu inanibana."

Nilitazama viatu vyake. Vilikuwa vilevile vya kila siku. Moyo wangu ulielewa kabla ya kichwa: ilikuwa zamu yangu ya kuruka peke yangu. Bila uzito wake ndege ilipanda upesi hata nikashtuka, kama vile nayo ilikuwa imechoka kusahihishwa. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, na nikawa naongea nacho. Nilizunguka juu ya maji, nikaona mji umejikunyata chini ya vilima, nikapunguza mbio, nikapunguza tena, nikagusa lami, nikadunda kidogo, nikagusa tena. Nilipozima injini nilikuwa nacheka kama kichaa. Komanda alikuwa amesimama kwenye nyasi.

"Ilitua yenyewe?"

"Mimi niliitua."

"Ndiyo. Nimeona ile kudunda." Kisha akachukua kitambaa akaanza kufuta kioo cha ndege, kazi ambayo sikuwahi kumwona akiifanya, akafuta muda mrefu palepale ambapo palikuwa pameshatakata.

Baada ya hapo hakuingia tena ndani ya ndege. Siku moja alisema tumbo. Siku nyingine alisema amesahau miwani, nayo iko kichwani. Mara nyingi alisema upepo, wakati bendera ya uwanja imelala kwenye mlingoti wake. Fideli ndiye aliyechoka kwanza.

"Komanda, upepo gani?"

"Ule wa juu. Hauonekane kutoka chini."

Aliniambia mwenyewe kule kwenye kibanda, tukiwa wawili, sahani yake haijaguswa. Jicho la kulia lilikuwa limeharibika. Daktari alikuwa amemkataza kurusha ndege.

"Tangu lini?"

"Jioni ya kuamkia ile siku ya kiatu."

Niliumia, na sikulificha. Siku ile nilikuwa nimeibeba kama kitu cha thamani. Nilikuwa nimemwambia Mama, na Mama alikuwa ameniombea mbele ya kanisa zima. "Kwa hiyo haukuniamini," nikasema. "Ulikatazwa tu kuingia."

Alikiviringisha kijiti cha meno kati ya vidole. "Nilikuwa naweza kukurudisha nyumbani," alisema. "Hiyo sikukatazwa."

Hakuja tena uwanjani. Tuliletewa mwalimu mwingine, mpole, mwenye elimu nyingi, ambaye hakumpeleka mtu kula. Nilienda Kinanira kumtafuta Komanda, nikabisha. Sauti yake ikanijibu kutoka ndani kwamba Komanda ametoka.

"Ameenda wapi?"

"Hajasema."

Nilikuwa na brosheti zilizofungwa kwenye karatasi. Nilisema nimezileta zikiwa za moto. Mlango ukafunguka kiasi cha kupita karatasi ile, ukafungwa. Nilikaa barazani nikasikia akitafuna.

Nilipata leseni, nikaanza kazi ya kusafirisha watu na mizigo, na safari zikanila. Habari zake nilizisikia juujuu: amegombana na wacheza dama wote wa mtaa; amelishtaki gari lake kwa mafundi watatu; anaonekana asubuhi amesimama uani, mikono nyuma, akisikiliza ndege zikipita. Kila nilipopaa nikiwa peke yangu nilijiambia nitaenda kumwona, nikatua, nikasahau.

Mwaka jana, Jumamosi moja, nilimpeleka binti wa dada yangu kwenye bwawa la hoteli moja, kujifunza kuogelea. Upande wa kina kifupi kulikuwa na watoto wengi wenye maboya ya rangi mikononi. Katikati yao, ameshika ukuta kwa mikono miwili, amevaa kofia ya mpira ya kuogelea, alikuwa Komanda.

Mwalimu wake alikuwa msichana mwembamba mwenye filimbi shingoni. "Muzee, achia ukuta," alikuwa anamwambia.

"Nitaachia. Usinisukume."

"Sijakusukuma. Niko mbali."

"Uko nanisukuma na macho."

Ndipo aliponiona. Aligeuza uso haraka, halafu, kwa kuwa hakukuwa na pa kwenda bila kuachia ukuta, akaugeuza tena. Nilichuchumaa ukingoni. Jicho moja lilikuwa na utando wa maziwa. Lile jingine lilikuwa lake kabisa.

"Riziki. Usiangalie."

"Siangalii. Komanda, haujui kuogelea?"

"Si unaona."

"Miaka yote ile juu ya ziwa?"

"Ndiyo maana sikuanguka," alisema.

Msichana akapuliza filimbi. Komanda akavuta pumzi, akafumba macho, akaachia. Alizama kama jiwe la kusagia. Mikono ikapiga maji, kofia ikatokea, ikapotea, watoto wakapiga kelele, na mimi nilikuwa nimeshavua kiatu kimoja alipoibuka akikohoa, maji yakimtoka puani, ameushika tena ukuta uleule. Watoto wakampigia makofi. Alipangusa uso, akanitazama, na uso ule ulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake, hamu ya mtu anayesubiri kuambiwa.

"Nimefika wapi?"

Nilitazama ukuta. Nilitazama maji. "Komanda, haukutoka pale."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alitafakari jambo hilo, akipumua kwa kinywa. Msichana alimsogelea ndani ya maji, akafungua kiganja chake mbele yake. Komanda alikitazama kile kiganja kidogo kilichokunjamana kwa maji, kisha akatoa mkono mmoja ukutani, akampa.